Kuona si Kuonekana: Jioni za Barabara ya Kangundo

Baada ya kumhimidi Mola wetu na kumsalia Mtume wake, tunawaletea jamaa na wasomaji wa jarida hili habari za safari yetu ya Nairobi. Tulikwenda kwa ndoa ya jamaa, tukarudi na somo ambalo hatukulikusudia.

Ndoa ilifungwa Majengo, Pumwani. Mtaa huo ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Waislamu waliofuata kazi katika mji ule wa reli walijenga humo nyumba za Kiswahili za udongo, zenye ujia wa kati na vyumba pande mbili. Mpwani akiingia hapotei. Asubuhi ya pili tulitembea hadi Kariokor, mtaa ambao jina lake, kama la Kariakoo ya Dar es Salaam, lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Karibu na hapo ipo barabara iitwayo Racecourse. Zamani upande huo ndio uliokuwa uwanja wa mashindano ya farasi, kabla ya mashindano kuhamishiwa Barabara ya Ngong katika miaka ya 1950. Leo hapana farasi hata mmoja. Limebaki jina tu, na chini yake matatu zinapiga mbio.

Mnyama wa kazi wa upande huu wa mji, ambao wenyewe huuita Eastlands, ni punda. Katikati ya mitaa humwoni sana. Lakini ukifuata Barabara ya Jogoo, ukapita Kaloleni na Makongeni, Jericho na Buruburu, ukavuka Outer Ring na kushika Barabara ya Kangundo kuelekea Njiru na Ruai, utaanza kumwona akivuta mkokoteni wenye mitungi ya maji, au mchanga, au majani ya ng'ombe. Huko Njiru ndiko anakoishi mwana wa ami yetu, ambaye kwa miaka mingi sasa huuza maji kwa mkokoteni wa punda katika nyumba zisizofikiwa na mfereji. Baada ya walima tulikwenda kumzuru.

Tulikuwa tumemchukulia zawadi. Tulisikia kwamba barabara ile ina magari mengi, nasi tukanunua Mombasa kizibao cha rangi ya manjano chenye mistari ya fedha, aina ambayo watu huiita riflekta. Muuzaji alituapia kwamba kingeonekana toka ng'ambo ya Likoni. Tulikitia mkobani tukajiona tumefanya jambo.

Tulipofika tulimkuta mwenyeji wetu na punda mgeni. Tulipouliza habari za yule wa zamani, punda mweusi tuliyemjua, alinyamaza. Mwanawe wa miaka 14 ndiye aliyejibu. Miezi mitatu iliyopita, wakati wa Magharibi, kijana alikuwa akimrejesha punda nyumbani baada ya shehena ya mwisho. Gari dogo lilitoka nyuma likamgonga punda ubavuni, likavunja gurudumu la mkokoteni. Kijana alikuwa amekwisha achia hatamu ili aokote mfuniko wa mtungi ulioanguka. Hatua 2 hizo ndizo alizoziandika Mwenyezi Mungu ziwe salama yake. Punda hakuinuka tena. Dereva alisimama, akashika kichwa, akarudia neno moja: hakumwona.

Kijana alitutazama akasema, "Ami, mimi gari niliiona kitambo. Nilidhani nayo inaniona."

Maneno hayo hayakututoka usiku kucha. Aliye gizani huziona taa za gari toka mbali sana, na kwa kuwa anaona vizuri, moyo wake humwambia kwamba naye anaonekana. Lakini dereva yumo katika hali nyingine. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, na hata dereva mwangalifu hupoteza sekunde moja au zaidi baina ya kuona na kukanyaga breki. Kama punda mweusi atajitokeza gizani akiwa karibu, hesabu imekwisha kabla mguu haujafika.

Magharibi ya Nairobi ina hatari yake. Mji ule uko karibu mno na mstari wa Ikweta, jua hushuka wima. Mwaka mzima hutua karibu na saa 12 unusu jioni, na dakika 20 hivi baadaye mwanga wa kutembelea umekwisha. Dakika hizo ndizo za adhana, ndizo za watu kutoka kazini, na ndizo za shehena ya mwisho ya maji. Baadhi ya madereva bado hawajawasha taa, kwa kuwa wao wanaiona njia. Zile taa ndefu za mitaani, ambazo Wanairobi wameziita mulika mwizi, huangaza uwanja wake vizuri. Lakini anayetoka chini yake kuingia palipo giza huwa kama kipofu kwa muda.

Jioni ile tulimvisha mwenyeji wetu kizibao chetu, tukafuatana na mkokoteni kandokando ya barabara. Kwa kitambo mambo yalikuwa mazuri: ile manjano iliwaka kama kitu chenye moto ndani yake. Kisha, shafaki ilipoanza kufifia, manjano nayo ikazimika taratibu. Tulipokuwa hatua 40 nyuma yake hatukuona ila kivuli. Gari likapita na taa zake, na ile mistari ya fedha haikujibu.

Tuliporudi tulikijaribu. Jirani, mwendesha bodaboda, alitufunza namna. Tochi haishikwi kiunoni. Huwekwa pembeni ya jicho, kwa sababu riflekta njema hurudisha nuru kule kule ilikotoka, na jicho la dereva liko karibu na taa zake. Tulikitundika kizibao chetu ukutani, na kando yake jaketi lake lililochakaa, tukarudi hatua 50. Jaketi lake liliwaka kama jicho la paka. Kizibao chetu kilibaki kama kitambaa chochote. Mistari ile ilikuwa utepe wa kupendeza macho tu. Tuliona haya, nasi tunakiri hapa ili msomaji asinunue kama tulivyonunua sisi.

Bodaboda wale wana sheria juu yao: tangu marekebisho ya mwaka 2012, Sheria ya Trafiki inamtaka mpanda pikipiki na abiria wake wavae kofia ngumu na jaketi lenye riflekta. Lakini jirani yetu alisema kwamba hakujifunza kwa sheria. Alijifunza kwa kuzika rafiki.

Kwa hiyo kesho yake tulirudi mjini na kijana kutafuta vitu vinavyofaa, na haya ndiyo tuliyoyaelewa.

Jambo la kwanza, nguo ya jioni yataka vitu viwili, si kimoja. Rangi kali hufanya kazi maadamu kuna mwanga wa mbingu, kwani huyachukua hata mafungu ya nuru yasiyoonekana na jicho na kuyatoa kama rangi. Mbingu ikizima, rangi nayo huzima. Riflekta hungoja taa ya gari. Pasipo taa haina kitu. Mwenye rangi tupu husalimika mpaka adhana. Mwenye riflekta tupu husalimika baada ya shafaki. Atembeaye baina ya nyakati hizo anahitaji zote mbili. Na katika rangi, manjano inayoelekea ukijani ni bora kuliko nyekundu, kwa kuwa jicho la mwanadamu hupoteza wekundu kwanza giza linapoingia.

Jambo la pili ni mahali pa kuiweka. Taa za gari zilizoinamishwa humulika chini, na miguu ya punda huingia katika nuru kabla ya kifua cha mchungaji wake. Tena kitu kinachocheza humwamsha dereva: mistari 4 inayopanda na kushuka kwenye miguu humwambia mara moja kwamba kuna kiumbe kinatembea. Kwa hiyo tulichagua mikanda ya miguu, mmoja kwa kila mguu, juu ya kifundo. Tena mkanda wa kifua na mwingine wa nyuma juu ya matandiko. Kwa mtu vivyo hivyo: kizibao ni kizuri, lakini ukanda wa mkononi na wa kifundo cha mguu huongeza faida kubwa kwa gharama ndogo.

Jambo la tatu ni upana. Dereva akiona kizibao kimoja cha manjano katika Barabara ya Kangundo hudhani ni bodaboda, aliye mwembamba na aendaye kasi. Hatarajii mkokoteni wenye upana wa gari uendao mwendo wa miguu. Basi pembe mbili za nyuma za mkokoteni zipate riflekta nyekundu, na pembe mbili za mbele nyeupe, kama magari yenyewe yalivyo, ili dereva ajue pia upande upi anauendea. Na nyuma kabisa itundikwe taa ndogo, kwani wapo wanaokuja na taa mbovu, na riflekta haiwezi kurudisha nuru isiyotumwa.

Utepe wa malori, mweupe na mwekundu, tuliupata kwa wauza vipuri. Vibati vya kuubandika tulikatiwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Mikanda ya miguu tulishonewa Kariokor sokoni, kwa mafundi wa ngozi wanaoshona makubadhi. Walitia kitambaa laini ndani ili ngozi ya mnyama isichubuke. Kila kipande tulikijaribu kwa tochi kabla ya kulipa. Fundi mmoja alicheka kuona shekhe mwenye kilemba ameweka simu shavuni akimulika mkanda wa punda. Tulicheka naye.

Fedha, hata hivyo, hazikutosha kila kitu. Baada ya mikanda na utepe, zilibaki za kizibao kimoja tu kizuri, na watu walikuwa wawili. Tulimwuliza mwenyeji wetu kama si afadhali tungeliacha mikanda ya punda tukanunua vizibao viwili. Alitikisa kichwa.

"Sheikh," alisema, "mimi naweza kuruka mtaroni. Mwanangu anaweza kuruka. Huyu amefungwa, na sisi ndio tuliomfunga."

Hatukuwa na la kujibu. Tumewafundisha watoto miaka mingi kwamba kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Tumesimulia mara ngapi khofu ya Sayyidna Umar, Allah amridhie, ya kuulizwa juu ya mnyama aliyejikwaa katika nchi ya Iraki kwa kutotengenezewa njia. Tuliyasema hayo mimbarini, na muuza maji wa Njiru aliyafanya bila kuyataja. Kizibao alikivaa kijana. Baba alifunga vipande vya utepe vilivyobaki mikononi na kwenye vifundo vya miguu.

Punda alionyeshwa mikanda yake mchana, akainusa, akapiga mguu chini mara mbili, kisha akaridhika. Tulihakikisha vidole viwili vinapita baina ya mkanda na mguu. Kila usiku huvuliwa na kupanguswa, kwa kuwa vumbi na tope huiua riflekta kama ukurutu unavyoua kioo, na kufuliwa sana nako huichakaza.

Jioni ya mwisho tulisimama kando ya barabara tukawangoja. Adhana ilikuwa imekwisha. Kwanza tuliona nuru 4 ndogo zikipanda na kushuka chini kabisa, kisha kifua, kisha kijana. Nyuma yao lilikuja lori. Tulilisikia likipunguza mwendo likiwa bado mbali sana, likatanua njia, likapita. Mwenyeji wetu hakugeuka hata kutazama. Sisi tulikuwa tumeshika tasbihi kwa nguvu mpaka vidole vikauma.

Sasa tumerejea pwani. Sisi tuliolelewa Lamu tulizoea punda aijuaye njia yake gizani, katika vichochoro visivyopitwa na gari, ambamo jambo la kuhofia usiku lilikuwa kukanyagwa vidole. Lakini Malindi, Mombasa, Ukunda si Lamu ile, na hata Lamu yenyewe pikipiki zimeingia. Kila siku baada ya Magharibi watoto wetu hutoka chuoni na juzuu zao kifuani, wasichana wakiwa na buibui jeusi, wakatembea kando ya lami mpaka Isha. Kanzu nyeupe huonekana kuliko nyeusi, lakini haitoshi.

Basi tuliporudi chuoni kwetu tulianza na kazi moja. Tulimwomba mama wa nyumba atushonee utepe wa riflekta, urefu wa shibiri moja, nyuma ya kila mkoba wa juzuu, na mwingine kwenye pindo la chini la kila buibui, ambapo mguu huuchezesha. Tumekwisha shona 23 na bado tunaendelea. Wazazi wenye utepe uliosalia na wautume. Na kabla ya kuutuma, wauweke ukutani, warudi hatua 50, wamulike tochi pembeni ya jicho.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.