Mwonyeshe Mtoto Nchi Anamokulia

Mtoto aliyezaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, huijua njia ya kwendea maji na ile ya kwendea shule. Nchi iliyowapokea wazazi wake hataijua mpaka ashikwe mkono, apelekwe kutembea.

Mjini Mbarara, sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu imesimama hadharani. Aitazamaye haulizwi kabila wala cheti. Ukifuata barabara ya Masaka, hufikiwa kilima cha Biharwe, penye mnara wa ukumbusho wa kupatwa kwa jua mwaka 1520. Wazee wa Ankole husimulia kwamba mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa akirejea kwao na ng'ombe wa kuteka, mara mchana ukageuka usiku. Jeshi likaingiwa na hofu, likakimbia, likaacha mateka yote. Ng'ombe wale wakabaki katika nchi hiyo, wakawa mali yake.

Hapo mzazi aliyekimbia vita vya Kongo au Burundi hupata neno la kumwambia mwanawe: waliotupwa na vita waweza kuwa neema ya nchi walikobaki.

Familia za askari, zihamishwazo kambi hadi kambi, zina haja iyo hiyo. Siku ya mapumziko, baba avue magwanda, mama afunge chakula, watoto watangulie. Tembea uone mengi, walisema wahenga. Lakini mtoto huona zaidi kile alichoelezwa.