Majedwali ya Seva ya Barua Pepe

Songea, Ruvuma

Kwa mpwa wangu,

Seva ya barua pepe haipokei wala haipeleki ujumbe kabla ya kuuliza. Anwani hii ni ya hapa? Kama ni lakabu, inaelekea kwa nani? Kikoa hiki kinapitishiwa njia ipi? Mtumaji huyu amezuiwa? Katika Postfix, programu ambayo Wietse Venema aliiandika akiwa IBM na ikatolewa kwa umma mwaka 1998, majibu ya maswali hayo huwekwa katika majedwali. Umbo la kila jedwali ni lile lile: ufunguo upande mmoja, thamani upande wa pili. Ni kama karani wa masijala anayepewa namba na kutoa jalada, bila kulazimika kujua kilichomo ndani.

Jedwali huanza kama faili la maandishi ya kawaida. Mstari mmoja wa lakabu katika ofisi ya chama cha ushirika unaweza kusomeka hivi:

mhasibu@mfano.or.tz    fedha@mfano.or.tz

Amri ya postmap hulisoma faili hilo na kutengeneza jingine, lililopangwa ili ufunguo upatikane bila kupekua mistari yote. Seva husoma hilo la pili. Hapo ndipo wageni wa kazi hii hukwama: mtu hubadilisha maandishi, husahau postmap, kisha hushinda kutwa akilaumu mtandao.

Swali moja nalo huzaa mengine. Seva ikiwa imeruhusiwa kutambua alama ya kujumlisha, anwani kama mhasibu+kahawa@mfano.or.tz hutafutwa kwanza ilivyo, kisha bila nyongeza, na mwishoni kabisa hutafutwa @mfano.or.tz peke yake. Kwa hiyo majibu mengi ya jedwali ni "hakuna", na hifadhidata nzuri ni ile inayolisema neno hilo upesi. (Mstari huo wa mwisho, unaoanza na @, uogopwe. Hupokea kila jina chini ya kikoa, hata la mtu asiyekuwepo, na watuma taka hawaombi zaidi ya hapo.)

Kwa miaka mingi majedwali haya yalihifadhiwa kwa hifadhidata ya Berkeley DB, ambayo ndani ya Postfix huitwa hash. Mwaka 2006 Oracle iliinunua kampuni iliyokuwa ikiitunza, na mwaka 2013 leseni yake ikabadilishwa kuwa AGPL, yenye masharti mazito kwa wanaoiunganisha na programu zao. Wasambazaji wa Linux wakaanza kujitoa mmoja mmoja. Red Hat Enterprise Linux 10 imeiondoa kabisa. Anayehamia huko na mipangilio yake ya zamani ataambiwa na Postfix kwamba aina hiyo ya jedwali haijulikani, na barua zitasimama.

Warithi wanaofaa ni wawili. CDB, kazi ya Daniel J. Bernstein, ni hifadhidata isiyobadilika: ufunguo uliopo hupatikana kwa kuisoma diski mara mbili, usiokuwepo kwa mara moja. Haiongezewi mstari, faili zima hutengenezwa upya pembeni, kisha hushika nafasi ya la zamani kwa mkupuo. LMDB iliandikwa na Howard Chu wa Symas mwaka 2011 kwa ajili ya OpenLDAP, na Postfix iliipokea katika toleo la 2.11 la mwaka 2014. Yenyewe hulifungua faili kana kwamba ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta, na wasomaji wengi husoma kwa pamoja bila kumsubiri mwandishi. Ukurasa unaotumika haufutwi. Nakala mpya huandikwa mahali pengine, na ikishakamilika ndipo kielekezi kinapogeuzwa kuielekea.

Kwa Songea sifa hiyo ina uzito kuliko kasi. Hadi mwaka 2018, njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipouunganisha mji na gridi ya taifa, umeme wa hapa ulitegemea sana jenereta za dizeli. Gridi imepunguza shida, haikuimaliza, na betri ya UPS iliyochoka haishikilii dakika nyingi. Postmap ikitumia hash huandika juu ya faili lile lile linalotumika. Umeme ukikatika katikati, linabaki pande la faili lisilosomeka, na barua zinazolitegemea hazisongi mpaka mtu aje alitengeneze upya. Kwa LMDB, badiliko lisilokamilika huwa kama halikufanyika. Seva ikiwaka hukuta jedwali la jana likiwa zima.

Mipaka yake inavumilika. Ufunguo hauzidi baiti 511, na hakuna anwani ya barua pepe inayofika huko. Ukubwa wa kuanzia ni mebibaiti 16, na Postfix huuongeza yenyewe jedwali linapojaa. Lakini faili la LMDB likae kwenye diski ya seva yenyewe, kamwe si kwenye folda iliyoletwa na mtandao kutoka mashine nyingine.

Wapo wanaopeleka majedwali kwenye seva ya pembeni ya MySQL au LDAP. Taasisi yenye maelfu ya akaunti inahitaji hivyo, na ofisi za umma zinao Mfumo wa Barua Pepe Serikalini unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Shule binafsi, parokia au chama cha ushirika chenye anwani thelathini hakina sababu ya kuongeza mashine ya pili inayoweza kuzimika.

Kuhamia si kazi ya siku nzima. Amri ya postconf -m huonyesha kama lmdb imo. Kwenye baadhi ya mifumo huja kama kifurushi cha pembeni. Ikishakuwepo, kila penye hash: ndani ya main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, huandikwa lmdb:, bila kusahau alias_maps na alias_database. Kila jedwali hutengenezwa upya kwa postmap, lakabu za mfumo kwa newaliases, kisha Postfix husomeshwa mipangilio mipya. Kabla ya hapo liulizwe swali moja ambalo jibu lake linajulikana, kwa postmap -q na anwani ya mhasibu. Likirudi jibu tupu, kosa limo kwenye jedwali, na afadhali lionekane hapo kuliko kwenye barua ya mteja iliyorudishwa.

Mafaili ya maandishi ndiyo asili, yale mengine hutengenezwa wakati wowote. Nakala zake zitunzwe nje ya seva, na aliyekabidhiwa seva ahamishe majedwali kabla ya kusasisha mfumo endeshi, asingoje baada.

Mjomba wako