Udhu wa Birika Moja Katika Nchi ya Ugogo

Nilizaliwa Tanga, mahali ambapo mvua humkera mtu kuliko kumfurahisha. Kwa hiyo nilipoteremka kwenye basi magharibi ya Mpwapwa, mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, nilidhani nchi ile imeungua. Mibuyu ilikuwa haina jani hata moja. Korongo tulilovuka lilikuwa mto wa mchanga mtupu, na katikati yake waliinama wanawake wanne, kila mmoja ndani ya shimo lililomfika kiunoni.

Walikuwa wanateka maji. Katika Ugogo mito mingi huwa haina maji juu ya ardhi kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini mchanga hubaki umeyaficha. Mtu huchimba, husubiri yajikusanye, huteka kwa kata, kisha husubiri tena. Ndoo moja ya lita ishirini iliwachukua karibu robo saa, nami nilikuwa mtazamaji mwenye saa mkononi.

Mvua za Dodoma hunyesha msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazizidi sana milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Wasafiri wa zamani waliijua hali hiyo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilijaza vibuyu Mpwapwa, kisha ikavuka nyika iliyoitwa Marenga Mkali, yaani maji machungu. Henry Stanley alipita huko mwaka 1871. Waliovuka salama walikutana na watemi wa Kigogo waliodai hongo, na msafara haukuwa na njia ya kukwepa, kwa kuwa visima na malambo yalikuwa ya wenyeji. Sisi watu wa pwani tumerithi masimulizi yanayowafanya watemi hao kuwa wanyang'anyi tu. Baada ya kuwatazama wale wanawake korongoni, sina hakika tena kama tulisimulia kwa haki.

Mwenyeji wangu, mzee wa Kigogo aliyekuwa pia muadhini wa msikiti mdogo wa udongo, alinipa birika la maji kwa ajili ya swala ya Adhuhuri. Nilitawadha kama ninavyotawadha nyumbani. Maji yaliniishia kabla sijafika miguuni. Mzee hakusema neno. Alimwita mjukuu wake alete birika la pili. Mtoto yule aliutazama kwanza mtungi, halafu akanitazama mimi, kisha akachota.

Zamu yake ilipofika, mzee alichuchumaa juu ya beseni. Alimimina kidogo kidogo kwenye kiganja, akatimiza kila kiungo mara tatu, na birika likabaki na maji. Yaliyodondokea kwenye beseni yalipelekwa kwenye mpapai nyuma ya nyumba. Tumefundishwa sote chuoni kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kinachokaribia kile ambacho wazee wetu walikiita kibaba, na akioga kwa pishi moja au kuzidi kidogo. Nilikuwa nikiijua hadithi hiyo tangu utotoni. Sikuwa nimewahi kuiona ikitendwa.

Siku ya pili yake nilifika Dodoma mjini. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulipitishwa mwaka 1973, lakini mji ulianza kufurika hasa baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia kweli. Katika sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu takriban 410,000. Katika ile ya 2022 walizidi 760,000. Sehemu kubwa ya maji yao huchimbuliwa kaskazini, katika bonde la Makutupora, ambako kina cha maji ya ardhini kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Vipimo hivyo vinaeleza jambo zito: maji hayo hayajazwi sawasawa kila mwaka. Hushuka polepole kwa miaka, kisha hupanda ghafla baada ya masika makubwa kupita kiasi, kama yale ya El Niño ya 1997 na 1998. Afunguaye bomba Dodoma leo huenda anakunywa mvua iliyonyesha kabla hajaoa. Ipo mipango ya bwawa la Farkwa, na ya bomba kutoka Ziwa Victoria. Lakini mipango haitiliwi udhu.

Nyumbani kwa rafiki yangu mjini niliweka ndoo chini ya bomba, nikatawadha kwa mazoea yangu. Lita tisa. Siku ya Ijumaa, katika msikiti mmoja mkubwa, niliona mabomba yakimwagika huku watu wakikunja mikono ya kanzu na kusalimiana. Watu elfu moja wa mfano wangu humaliza ndoo 450 kabla ya khutba.

Jambo jingine lilinisumbua njiani. Waislamu tunapenda kuchimba visima, tukimkumbuka Sayyidna Uthman na kisima cha Ruma alichokinunua Madina akakifanya wakfu. Nilipita kijiji kimoja chenye kisima cha sadaka ambacho kibao chake cha marumaru bado kinang'aa, ila mpini wa pampu ulikuwa umeng'oka. Hakuna aliyeacha fedha za vipuri, wala fundi aliyefunzwa. Wanawake wa kijiji hicho wamerudi korongoni. Wakfu wa namna hiyo unahitaji shamba au duka la kuutunza, kama walivyofanya waliotutangulia.

Nilipitia tena kwa mzee nikirudi. Safari hii birika lilinitosha, nikabakiza. Tulipoagana mjukuu alinikimbilia hadi barabarani na chupa ya maji ya njiani, mchanga mwembamba umetua chini yake. Nilimwambia abaki nayo. Akakataa, akasema babu amesema mgeni haondoki mkavu.