Kinyozi wa Avebury na Senti Zilizokunjwa



Katika mkoa wa Wiltshire, kusini mwa Uingereza, kipo kijiji kiitwacho Avebury. Nyumba zake kadhaa, na hata kilabu chake cha pombe, zimejengwa ndani ya duara la mawe makubwa yaliyosimikwa na watu wa kale zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kipenyo cha duara hilo hupita mita 300, wala hakuna duara la mawe lililo kubwa kuliko hilo duniani. Mawe yenyewe hayakuchongwa. Yalisimamishwa jinsi yalivyookotwa nyikani, na mengine yana uzito wa makumi ya tani. Nilipata kufika huko nilipokuwa masomoni, kwa basi litokalo Swindon. Kulikuwa na manyunyu, na kondoo walikuwa wakijikuna kwenye mawe kana kwamba yaliwekwa kwa ajili yao.

Katika karne ya 14 wakazi wa Avebury, Wakatoliki kama sisi, waliyaangusha mengi ya mawe hayo na kuyafukia katika mashimo. Husemwa kwamba waliyaogopa kama masalio ya upagani. Wengine hudhani walitaka tu nafasi ya kulima. Mwaka 1938 Alexander Keiller, tajiri aliyerithi mali iliyotokana na biashara ya jamu ya machungwa, alikuwa akiyafukua na kuyasimika upya. Chini ya jiwe mojawapo akakuta mifupa ya mwanamume. Alikuwa na mkasi, chombo chembamba cha chuma, na sarafu chache za fedha za mwanzoni mwa karne ile ya 14. Kutokana na vitu hivyo ikaaminiwa kwamba alikuwa kinyozi wa zamani zile, yaani mtu aliyekata nywele, akang'oa meno na kuumika wagonjwa kijiji hata kijiji. Jiwe likaitwa Jiwe la Kinyozi, na bado laitwa hivyo.

Hadithi ikajitengeneza yenyewe: kinyozi alikuwa akisaidia kuliangusha jiwe, likamwangukia na kumponda. Wapo waliomwona kuwa mhanga wa ushupavu wa dini, na wapo waliosema kwamba mawe yalijilipizia kisasi. Mifupa ilipelekwa London, na jengo ilimohifadhiwa lilipopigwa bomu mwaka 1941 ikadhaniwa kwamba imeteketea. Miaka ya mwisho ya karne ya 20 ikaonekana tena, ikiwa salama katika jumba jingine la makumbusho. Wataalamu walipoichunguza upya hawakuona dalili za mtu aliyepondwa na jiwe. Huenda alikwisha kufa, akazikwa pale na wenzake. Kwa hiyo kwa miaka sitini hivi marehemu huyu alisimuliwa kifo ambacho inaelekea hakikuwa chake, nasi mapadre tungekuwa wa kwanza kumfanya mfano wa mahubiri! Amri ya nane haituruhusu kumshuhudia jirani uongo, na sioni kwamba jirani huacha kuwa jirani akiisha kuzikwa.

Mimi sikubali pia kwamba Ukristo ulipoingia katika kisiwa kile ulikuja na nyundo tu. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Mellitus, aliyekuwa njiani kwenda Uingereza, akiagiza kwamba mahekalu ya wenyeji yasibomolewe. Sanamu ziondolewe, maji ya baraka yanyunyizwe, altare zijengwe, ili watu waendelee kukusanyika mahali walipozoea. Huko Rudston, mashariki ya Yorkshire, jiwe la kusimikwa lililo refu kuliko yote Uingereza, lenye zaidi ya mita 7, limesimama hadi leo katika uwanja wa kanisa, miongoni mwa makaburi. Waliojenga kanisa hilo waliona jiwe lile kila siku ya kazi yao, wakaliacha.

Narudi kwenye sarafu, maana ndizo zilizonigusa zaidi. Senti ya fedha ya Mfalme Edward I, aliyefariki mwaka 1307, ni ndogo na nyembamba kama gamba la samaki. Upande mmoja ina uso wa mfalme, na upande wa pili msalaba mrefu ufikao ukingoni. Kabla ya mwaka 1279, aliyehitaji chenji aliikata senti vipande viwili au vinne kwa kufuata mistari ya msalaba. Watu waendao mashambani na mashine za kutambua vyuma huokota vipande hivyo, na mara kwa mara huokota senti nzima iliyokunjwa kwa makusudi. Mashahidi waliohojiwa mwaka 1307 kuhusu miujiza ya Mtakatifu Thomas Cantilupe, Askofu wa Hereford, waliieleza desturi hiyo: mtoto akizidiwa, mzazi alishika senti juu yake, akaikunja huku akimtaja mtakatifu. Tangu hapo senti ile haikuwa ya sokoni tena. Ilikuwa nadhiri, ya kupelekwa kaburini pa mtakatifu. Iliyookotwa shambani haikufika. Sijui kuitazama bila kumfikiria mama aliyeidondosha njiani.

Vitu vya namna hiyo huandikishwa katika mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 1997, na sasa vimepita milioni 1.5. Hazina yenyewe ina sheria yake: mwenye kuiona lazima atoe taarifa ndani ya siku 14 kwa ofisa achunguzaye vifo vya ghafla (kazi mbili za ajabu kwa mtu mmoja, lakini ndivyo desturi ya kale). Jumba la makumbusho likiitaka, zawadi hugawanywa kati ya mwokotaji na mwenye shamba. Kijana mmoja wa jumuiya aliwahi kuniuliza kama yule mtu wa Injili aliyeificha tena hazina kisha akalinunua shamba (Mt 13:44) hakumdhulumu mwenye shamba. Nilimjibu kwamba Bwana alisifu furaha yake, si ujanja wake, na kwamba Uingereza ya leo angefikishwa mahakamani.

Wapo waliofikishwa. Mwaka 2015 watu wawili walifukua karibu na Leominster, katika mkoa wa Hereford, hazina iliyofichwa mwishoni mwa karne ya 9: pete na bangili za dhahabu, na sarafu zinazokadiriwa kufikia 300. Hawakumwambia mwenye shamba wala serikali, wakaanza kuuza. Mwaka 2019 walifungwa. Baadhi ya sarafu zilizookolewa zinaonyesha wafalme wawili wameketi pamoja, Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia. Waandishi wa upande wa Alfred walimwandika Ceolwulf kuwa mpumbavu na kibaraka, na kwa miaka zaidi ya 1,000 hakuwa na wa kumtetea. Kumbe walipiga sarafu pamoja, kama washirika. Walipofungwa zilikuwa zimeokolewa 30 hivi. Nyingine, zaidi ya 200, hazijulikani ziliko.