Herufi 260

Mama yule alifika kwenye steshenari yangu hapa Kayanga asubuhi, kabla sijamaliza kufagia. Alikuwa ametoka Nkwenda na viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Nilimwamkia, naye hakupoteza muda.

"Marahaba, mwalimu. Ile karatasi yetu ya kikao ipo?"

Niliikumbuka. Mwaka 2011, baada ya mumewe kufariki, ukoo ulikaa ukamteua yeye awe msimamizi wa mirathi. Mimi ndiye niliyeuchapa muhtasari. Waliojua kuandika walitia saini, wengine wakaweka dole gumba, na kabla hawajaondoka nikaupiga skana nikauhifadhi. Shauri halikupelekwa mahakamani kwa sababu hapakuwa na ugomvi. Sasa ulikuwa mwaka 2021, karatasi yenyewe ilikwisha kuliwa na mchwa, na shemeji yake alikuwa akisema kwamba kikao hicho hakikufanyika kamwe na kwamba kibanja, migomba na mibuni yake yote, ni cha kaka yake na kitarudi kwake.

"Ipo, mama. Mimi situpi kitu," nilisema, tena kwa majivuno.

Haikuwapo. Niliikuta folda ya familia yao, lakini ndani mlikuwa mweupe.

Hapa inanipasa niungame tabia yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na nilianza kujifunza kompyuta zama zile ambapo jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi 8, kisha nukta na herufi 3. Ilikuwa kama kumbatiza mtoto kwa kigugumizi. Ilipokuja Windows 95, ikaruhusu majina marefu, nilifurahi kupita kiasi. Kwetu mtu hatajwi kwa jina tupu. Utasema ni wa nani, wa ukoo gani, wa kitongoji gani, maana wenye jina moja ni wengi. Basi faili zangu nazo nilizipa ukoo na kitongoji.

Mwaka 2012 Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe ikawa wilaya. Folda yangu kubwa ilikuwa ikiitwa "Karagwe", herufi 7. Nikaona si haki kwa watu wa Nkwenda, Kaisho na Murongo. Nikaibadili ikawa "Wilaya ya Karagwe pamoja na vijiji vilivyohamia Wilaya mpya ya Kyerwa mwaka 2012". Ukihesabu na nafasi, ni herufi 80. Kompyuta haikunikataza.

Nisichojua ni kwamba Windows haihesabu jina la faili peke yake. Huhesabu njia nzima, tangu herufi ya diski, kila folda unayopitia, hadi faili lenyewe, na kwa kawaida mwisho wake ni herufi 260, moja kati ya hizo ikiwa alama ya kufungia isiyoonekana. Diski yenyewe yaweza kubeba njia ya herufi zaidi ya elfu thelathini. Ni mlango tu ulio mwembamba. Nami, nilipolirefusha jina la juu, nilizisukuma nyaraka za chini nje ya mlango bila kuzigusa.

Kisha mwaka 2018 nilinunua kompyuta nyingine nikahamisha kila kitu. Katikati ya kazi kikatokea kidirisha kikisema majina fulani ni marefu mno, nifupishe au niruke. Wateja walikuwa wamejipanga kusubiri fotokopi. Nikabonyeza ruka. Kilipotokea tena, nikabonyeza ruka.

Sikumweleza mama haya yote. Nilimwomba aketi, nikamtuma mjukuu wangu stoo akailete kompyuta ya zamani, ambayo kuku walikuwa wameifanya kiota. Tuliipangusa, ikawaka. Faili lilionekana! Nilipolibonyeza, mashine ikajibu kwamba haikuweza kulipata. Nilijaribu kulinakili kwenye flashi, ikakataa. Mama alikuwa akiitazama mikono yangu tu.

Nilichukua daftari nikaihesabu ile njia herufi kwa herufi. Nilifika 274. Hapo kabla ya jina jipya ilikuwa 201. Mjukuu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Babu, si uanzie juu?" Nilirudi kwenye folda kubwa, nikalifuta jina langu lote la heshima, nikaandika K.

Faili likafunguka. Majina saba, saini nne, dole gumba tatu. Wawili kati ya walioweka dole walikuwa wamekwisha kufariki, lakini watano walikuwa hai, na mmoja wao ni mama mzazi wa yule shemeji. Mama alikiweka kidole chake juu ya alama yake mwenyewe kwenye kioo, akakaa hivyo.

Nilimchapia nakala tatu. Nilikataa malipo, yeye akaacha sarafu juu ya kaunta, kisha akatoka haraka kuwahi gari la Nkwenda, karatasi zikiwa ndani ya kanga.

"Turudishe lile jina, babu?" mjukuu aliuliza.

Nilimwambia aiache K, kisha aniletee kiti. Zilikuwa zimebaki folda nyingine nilizoziruka.