Safu ya Mpiga Besi

Rekodi zangu za muziki wa benga zina daftari lake ndani ya kompyuta. Nafungua kidirisha cheusi, naandika amri kwa mkono, na majibu yanashuka mstari kwa mstari. Programu yenyewe ni SQLite, ya bure, aliyoianzisha Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000. Imo hata ndani ya simu za Android tulizo nazo mifukoni. Mkusanyiko mzima ni faili moja, na hauhitaji intaneti.

Ninachokipenda zaidi ni ukali wa programu hii. Kabati huvumilia mchanganyiko, programu haivumilii. Ukimwandika mwanamuziki yuleyule “D.O. Misiani” hapa na “Owino Misiani” pale, yenyewe inaona watu wawili. Kwa hiyo ni lazima uamue nani ni nani, na huwezi kuamua bila kujua. Hata wimbo wenyewe unakuuliza maswali. Sahani ndogo za zamani huukata vipande viwili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili gitaa linapochemka. Ni wimbo mmoja au nyimbo mbili? Mimi nauandika mmoja, kwa sababu ndivyo ulivyochezwa.

Kisha nikaongeza safu za wapigaji: solo, rithimu, besi, ngoma. Nilipoiamuru programu inionyeshe rekodi ambazo safu ya besi ni tupu, zikashuka karibu zote. Lebo hutaja bendi, mtunzi na kampuni. Ochieng Nelly na Collela Mazee, walioanzisha Victoria Jazz mwaka 1972, nawapata kwa urahisi. Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa muziki, jina lake limechapwa kwenye lebo kwa herufi kubwa. Ila aliyepiga besi, na benga bila besi haisimami, hayumo.

Tangu hapo natembea na orodha ya nafasi tupu hapa Kisumu: Kondele, Kibuye, mpaka Dunga. Nawachezea wazee wimbo kwa simu, kisha nanyamaza. Mzee mmoja aliyewahi kupiga gitaa kwenye baa za mji huu alisikiliza akiwa amefumba macho, akasema, “Huyo si wa bendi hiyo. Alikuja kusaidia tu.” Akanitajia jina la utani.

“Jaduong’, bado yuko?”

“Tulionana matangani mwaka jana, huko Rusinga.”

Jina hilo nililiandika papo hapo, na nikafungua safu nyingine: nani amesema, na lini. Sitaki anayekuja baadaye aniamini mimi tu. Ajue neno limetoka kwa nani, ili akisikia tofauti aweze kulipima.

Aliyekuwa na miaka 20 Victoria Jazz ilipoanza, leo amepita 70. Misiani mwenyewe alifariki mwaka 2006 kwa ajali ya barabarani, hapa hapa Kisumu. Ndiyo maana sasa naipanga orodha kwa umri wa wanaoweza kujibu, wakongwe wakitangulia, na Jumamosi navuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita, niendelee mpaka Rusinga.