Jani la Mgomba Mjini Verona

Lugha ya Kiingereza ina neno moja, plantain, lililobebeshwa mimea isiyojuana kwa ukoo wala kwa tabia. Mmoja ni mgomba wa ndizi za kupika. Mwingine ni gugu la kandokando ya njia, ambalo wataalamu huliita Plantago. Ipo pia mimea ya majini na ya bustanini iliyoazimwa jina hilo kwa kufanana majani na gugu, lakini hiyo tuipite.

Gugu ndilo lililotangulia. Jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya wayo, kwa kuwa majani yake mapana hulala chini kama nyayo. Watu wa Ulaya walifungia vidonda kwa majani hayo. Na gugu lilipovuka bahari pamoja nao hadi Marekani, wenyeji wa huko, kama ilivyoandikwa katika karne ya 17, waliliita unyayo wa Mwingereza, maana kila alipokanyaga liliota. Mtaalamu gani wa mimea amepata kutoa jina lenye ukweli mchungu kuliko hilo?

Tunda lina safari nyingine. Wahispania waliliita plátano, jina ambalo tayari lilikuwa la mti mkubwa wa kivuli. Kwa Waingereza likapata sura ya gugu lao. Basi atafutaye udugu wa mgomba na gugu kwa sababu ya jina atachimba bure.

Kiswahili hakikuigawa ndizi mahali Kiingereza kilipoigawa. Mzuzu ni ndizi, kisukari ni ndizi, na mkono wa tembo, wenye matunda machache marefu katika mkungu, nao ni ndizi. Kamusi inayosema kwamba plantain ni ndizi haijasema uongo, ila imemwacha mpishi sokoni bila msaada. Tena wapo waandishi wanaozipa jina hilo ndizi za Bukoba, eti kwa kuwa hupikwa. Elimu ya leo haikubali: mkono wa tembo ni chotara wa Musa acuminata na Musa balbisiana, hali ndizi za kupika za nyanda zetu za juu ni uzao wa acuminata peke yake.

Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri sehemu ya Romeo and Juliet ya Shakespeare, mahali Romeo anapolisifu kwa mzaha jani la plantain kuwa dawa ya muundi uliojeruhiwa. Mmoja akaandika "jani la mgomba". Darasa likacheka kuona migomba imeota Verona. Mwenyewe, binti wa Kagera, hakucheka. Akasema kwa adabu, "Mwalimu, kwetu mtu akiungua, bibi hulainisha jani la mgomba motoni akamfungia. Romeo ametaja dawa ya nyumbani. Nami nimetafsiri dawa, sikutafsiri mmea."

Nililipima jibu lile siku kadhaa. Gugu lenyewe lina jamaa yake katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, Plantago palmata, lakini halina jina la Kiswahili ambalo hadhira ingelitambua. "Jani la wayo", neno la kuundwa, lingefaa kitabuni penye tanbihi. Jukwaani lingekuwa bubu, na mzaha ungekufa. Nilimrudishia karatasi yake na alama kamili, na pembeni nikamwomba aniulizie kwa bibi ni mgomba upi.